Baruti Inavyozeeka Ghalani

Mwanafunzi wa Sola, mkoani Simiyu, anaijua pamba ya shambani. Pengine hajui kwamba selulosi ya pamba hiyo, ikitiwa asidi ya nitriki pamoja na ya salfuriki, hugeuka baruti isiyo na moshi.

Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha ya jeshi yalilipuka Mbagala, Dar es Salaam. Tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka ya Gongo la Mboto. Kila mara watu zaidi ya 20 walifariki, na makombora yakaangukia makazi. Jirani wa kambi ana haki ya kuuliza: je, ghala laweza kuwaka bila kuguswa?

Laweza. Baruti hiyo huoza polepole na kutoa oksidi za nitrojeni, ambazo nazo huharakisha uozo. Ndiyo maana kiwandani hutiwa difenilamini, inayozinasa gesi hizo. Difenilamini ikiisha, joto hujikusanya hata baruti ikajiwasha. Kwa kadirio, joto likipanda nyuzi 10, kasi ya uozo huwa maradufu au zaidi; kwa hiyo umri ulioandikwa kwenye sanduku huko Ulaya hautoshi chini ya bati la Pwani. Yafaa baruti ipimwe maabara mara kwa mara, na iliyochoka iteketezwe.

Umbali nao una kanuni yake. Baruti ikiongezwa mara 8, umbali wa kujikinga na wimbi la mlipuko huongezeka mara 2 tu. Makombora yanayorushwa hayaifuati kanuni hiyo. Nayo yasiyolipuka hubaki hatari miaka mingi, na kemikali zake zaweza kupenya udongoni hadi kwenye maji ya visima.