Kontra ya studio: maneno yenye kufunga msanii

Kijana anaimba vizuri, wimbo wake unapigwa ku ma redio na mu harusi, kisha siku moja prodikteri anamuita na kumuwekea mbele kurasa sita ao nane za Kifaransa. "Tia sahihi tu, ingine tutaongea mbele." Studio ni bure, klipu ni bure, na kuko pesa kidogo ya kuanzia. Si ajabu akitia sahihi siku ile ile.

Kwanza, wimbo mmoja uko na mali mbili ndani. Kuko wimbo wenyewe, ni kusema maneno na sauti yake. Hiyo ni ya yule aliyeutunga. Na kuko ile rekodi ya studio, faili ya mwisho yenye watu wa kazi wanaita "master". Hiyo kwa kawaida inakuwa ya mwenye kulipia studio. Msanii anaweza kuachilia master na kubakia mwenye wimbo, hata akaurekodi upya siku ingine kama kontra haimkatazi. Lakini kukiandikwa "cession de tous les droits", mali zote mbili zimeenda. "Cession" ni kuuza. "Licence" ni kukodisha: muda ukiisha, kitu kinarudia mwenyewe. Ni kama kuuza parseli na kupangisha nyumba.

Solomon Linda wa Afrika ya Kusini alirekodi "Mbube" mwaka wa 1939, kisha akaachia kampuni haki za wimbo kwa shilingi 10. Wimbo ulizunguka dunia, ukaingia hata mu filamu The Lion King. Yeye alikufa maskini mu 1962, na jamaa yake ilifikia mapatano ya kulipwa mu 2006 tu.

Neno lingine ni "avance". Watu wanaipokea sawa zawadi, kumbe ni deni. Tuseme prodikteri ametumia dola 1500 kwa studio, klipu na avansi, na msanii iko na 20 kwa mia. Wimbo ukiingiza dola 2000, fungu lake ni 400. Kama kontra inasema gharama zitakatwa ku fungu la msanii, hizo 400 zote zinaenda ku deni na bado anadaiwa 1100. Ili deni liishe, wimbo unapaswa kuingiza dola 7500. Lakini kama gharama zinakatwa kwanza ku makuta yote, inabaki 500, na msanii anapata dola 100 mkononi. Ni 20 kwa mia ile ile! Ndio maana neno "net" linapaswa kuelezwa: wanakata nini, na nani anaonyesha fakture? Kontra isiyompa msanii ruhusa ya kuona hesabu, asilimia yake haina maana kubwa, hata ikiwa 50.

"Exclusivité" inamfunga msanii asirekodi kwa mtu mwingine, hata kusaidia rafiki mu wimbo mmoja. Hatari iko mu muda. Miaka 2 inajulikana mwisho wake. "Albamu 3" haijulikani, juu prodikteri akikosa pesa ya albamu ya pili, msanii anakaa akingoja. Aombe mwaka uandikwe.

Tena siku hizi kuko swali la kanali ya YouTube: nani anashika neno la siri? Mara nyingi kontra hainene kitu, na wakigombana, msanii anaanza upya bila wafuasi.

Kuko kitu kimoja chenye hakiuzwi. Sheria ya Kongo ya tarehe 5 aprili 1986 juu ya haki za watunzi inalinda haki ya mtunzi kutajwa jina lake ku kazi yake. Haki za pesa zinadumu maisha yake yote na miaka 50 kisha kifo. Kwa hiyo, wimbo ukiandikishwa SOCODA, jina la mtunzi linapaswa kuwa la mtunzi kweli, si la mwenye studio.

Asiyefahamu Kifaransa cha kontra aombe kwenda nayo nyumbani siku mbili tatu. Prodikteri mwenye nia nzuri hatakataa. Na asiye na pesa ya avoka, kila baro inapaswa kuwa na biro ya mashauri ya bure kwa wasio na uwezo. Aende na karatasi zote, mbele ya kutia sahihi.