Je, Wajua? Mwaka Ubelgiji Ilipoivua Uholanzi Taji la Korfboli

Je, wajua kwamba upo mchezo wa mpira ambao sheria yake inadai kila timu iwe na wanaume wanne na wanawake wanne uwanjani kwa wakati mmoja? Unaitwa korfboli. Aliyeuasisi ni mwalimu wa shule wa Amsterdam, Nico Broekhuysen, mwaka 1902. Mwaka huo alihudhuria mafunzo ya walimu huko Nääs, Uswidi, akaona watu wakirusha mpira kwenye pete iliyofungwa juu ya mlingoti. Aliporudi kwa wanafunzi wake, wavulana kwa wasichana, aliitoa ile pete akaweka kikapu kisicho na kitako. Mpira ukipita kwenye pete tupu watu hubishana. Ukipita ndani ya kikapu kila mtu ameuona.

Wapo waliomlaumu vikali. Wanawake kukimbia na kuruka pamoja na wanaume mbele ya watazamaji lilikuwa jambo la aibu machoni pa wengi Ulaya ya wakati ule. Broekhuysen hakurudi nyuma, na sharti la mchanganyiko halijaondolewa mpaka leo. Kwangu mimi huo ndio ushujaa wa kwanza wa mchezo huu.

Je, wajua kwamba kikapu cha korfboli kiko juu kuliko goli la mpira wa kikapu? Kiko mita 3.5 kutoka ardhini, wakati lile liko mita 3.05. Hakina ubao wa kugongeshea mpira. Nguzo yake pia haisimami ukingoni mwa uwanja. Katika uwanja wa ndani, wenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 20, nguzo imesogezwa mita 6.67 kutoka mstari wa nyuma, kwa hiyo unaweza kufunga hata ukiwa nyuma ya kikapu. Kudundisha mpira ni marufuku, kukimbia nao ni marufuku. Msomaji aliyewahi kucheza netiboli ataona undugu wa karibu.

Je, wajua kwamba katika korfboli bao linaweza kuingia safi kabisa na lisihesabiwe kwa sababu tu mfungaji alikuwa amekabwa? Hapa ndipo penye utamu wa mchezo. Mlinzi akisimama karibu na nguzo kuliko mshambuliaji, akamtazama usoni, akawa umbali wa mkono na mkono wenyewe ameunyanyua kuzuia, basi mshambuliaji haruhusiwi kurusha. Akirusha, mwamuzi anapuliza filimbi na mpira unakwenda kwa wapinzani. Urefu na misuli peke yake havitoshi. Sharti timu ipasiane na wachezaji wahame bila kuchoka, mpaka mmoja wao apate nafasi ya sekunde moja hivi akiwa huru. Mwanamume humkaba mwanamume, mwanamke humkaba mwanamke, na wawili hawaruhusiwi kumkaba mmoja.

Tena kila timu imegawanywa nusu kwa nusu: wanne wanashambulia upande mmoja wa uwanja, wanne wanalinda upande wa pili, na hakuna anayevuka mstari wa kati. Yakishafungwa mabao mawili, haidhuru ni ya timu gani, wote wanabadilishana kazi. Mshambuliaji hodari anageuka mlinzi hapo hapo, atake asitake. Sijui sheria ya mchezo mwingine inayomlazimisha nyota kuhangaika na kazi ya wenzake namna hiyo.

Je, wajua kwamba korfboli ilionyeshwa katika Michezo ya Olimpiki mara mbili? Ilikuwa Antwerp mwaka 1920 na Amsterdam mwaka 1928, kama mchezo wa maonyesho usio na medali. Kuona jinsi korfboli ilivyotangulia, kumbuka kwamba Amsterdam 1928 ndiyo Olimpiki ya kwanza wanawake kuruhusiwa kushindana katika riadha. Nazo mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne, zenye wanaume na wanawake katika timu moja, ziliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza huko Tokyo, katika michezo iliyofanyika mwaka 2021. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua korfboli rasmi mwaka 1993, ila mchezo huo bado haujapewa nafasi ya kuwania medali.

Yale maonyesho ya Antwerp yaliacha mbegu. Ubelgiji, nchi ambayo wasomaji wetu wa Kongo, Rwanda na Burundi wanaikumbuka kwa utawala wake wa kikoloni, ikawa nyumba ya pili ya korfboli. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu liliundwa huko huko Antwerp mwaka 1933, na Wabelgiji wakiwa waanzilishi pamoja na Waholanzi. Hadi leo sehemu kubwa ya vilabu vya Ubelgiji iko Antwerp na viungani mwake. Timu ya taifa inayotoka katika eneo dogo hivyo ndiyo iliyopewa kazi ya kupambana na Uholanzi, yenye makumi ya maelfu ya wachezaji waliosajiliwa.

Je, wajua basi ilikuwaje? Mashindano ya dunia yalianza mwaka 1978, na fainali ilikuwa Uholanzi na Ubelgiji. Uholanzi ikashinda. Mwaka 1984 fainali ikawa ya hao hao, na 1987 vilevile, Ubelgiji ikiondoka na medali ya fedha kila mara. Kisha ukaja mwaka 1991, mashindano yakachezwa Antwerp, na Wabelgiji wakatwaa ubingwa wa dunia mbele ya watu wao. Katika mashindano 12 ya dunia yaliyochezwa hadi 2023, hiyo ndiyo mara pekee ambayo taji halikwenda Uholanzi.

Baada ya hapo Ubelgiji ilicheza fainali saba nyingine mfululizo, kuanzia India mwaka 1995, kupitia Australia, Uholanzi, Jamhuri ya Czech na China, mpaka Antwerp tena mwaka 2015 na Durban mwaka 2019, ikishindwa zote. Wengi huita hali hiyo bahati mbaya. Mimi naona ni heshima kubwa: kwa zaidi ya miaka 40 hakuna taifa lingine lililoweza hata kuisogeza Ubelgiji kutoka mlangoni mwa bingwa.

Durban ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika ardhi ya Afrika. Wenyeji Afrika Kusini walikuwamo, Zimbabwe pia, na Suriname, nchi ya Amerika Kusini yenye watu wasiofika hata milioni moja, iliyokuwa chini ya Uholanzi hadi 1975.

Aliyeuvunja ule utaratibu wa fainali alitoka Asia. Mwaka 2023 mashindano yalipofanyika Taipei, wenyeji Taiwan, ambao kwenye michezo hutumia jina la Chinese Taipei, walifika fainali na kupata medali ya fedha nyuma ya Uholanzi. Ubelgiji ilichukua shaba, ikiwa ni mara yake ya kwanza kukosa fainali tangu 1978.