Gozi Katika Baridi

Hapa mwambao mchezo huvunjwa na mvua ya masika. Kule Uingereza adui ni barafu.

Mjini Sheffield kuna Sandygate, kiwanja kilichofunguliwa mwaka 1804 kwa kriketi, ambacho leo chatambuliwa kuwa kikongwe kuliko viwanja vyote vya kandanda duniani. Tarehe 26 Desemba, 1860, Hallam walipambana hapo na Sheffield, theluji imetanda chini. Wageni walishinda 2–0.

Hallam wangali hapo, wakicheza madaraja ya chini. Mwishoni mwa Desemba jua huchwa kabla ya saa kumi. Mchezo ukianza saa tisa, magharibi huingia wakati wa mapumziko. Wengine wakikimbilia chai ya moto, Muislamu atafuta pembe ya kusali.

Klabu kubwa zina mabomba ya kupasha moto nyasi. Hizi ndogo hazina. Ardhi ikiganda, refa huahirisha mchezo, na siku hiyo kiingilio hakipatikani. Basi wale wanaojikunyata kando ya uzio, makoti hadi masikioni, hawakuja kutazama tu. Senti zao ndizo zinazoiweka klabu hai hadi msimu wa joto.