Opena: mtu wa kuuzeesha mpira

Tarehe 10 Oktoba 1997, pale Nairobi Gymkhana, wanaume wawili walitoka na bati mkononi kwenda kufungua mchezo wa Kenya dhidi ya Bangladesh. Mmoja alikuwa Kennedy Otieno. Wa pili alikuwa Dipak Chudasama, ambaye akitoka uwanjani kazi yake ilikuwa kurekebisha meno ya watu. Kabla mmoja wao atolewe, Kenya ilikuwa tayari na mikimbio 225. Otieno alipata 144, Chudasama 122, na timu ikashinda kwa tofauti ya mikimbio 150.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2000, Bangladesh walipewa ruhusa ya kucheza Test, ile kriketi ya siku tano. Kenya haijawahi kuipata hadi leo. Barani Afrika ni Afrika Kusini na Zimbabwe tu.

Sasa, kama wewe ni wa Gatwekera ama Kawangware, huenda kriketi umeijua kupitia vipande vya simu: mtu anavuta bati, mpira unapotea kwa mashabiki, fataki zinalipuka. Poa. Lakini opena wa Test ni kiumbe tofauti kabisa. (Na tusichanganyane: mtaani kwetu bati ni la paa. Hapa naongelea ule ubao wa kupigia.)

Timu ya kriketi hupiga ikiwa na watu wawili uwanjani kwa wakati mmoja. Akitolewa mmoja, anaingia mwingine. Opena ni wale wawili wanaotangulia, na shida yao ni moja: mpira mpya. Ni mgumu, una ngozi nyekundu inayong'aa na mshono uliosimama, uzito wake gramu 160 hivi. Ukiwa mpya hupinda hewani, halafu ukigusa mshono chini unaweza kurukia upande wowote. Mrushaji wa kasi akiuachilia kwa kilomita 140 kwa saa, una kama nusu sekunde ya kuuona, kuamua na kusogeza mguu. Nyuma yako wamejipanga watu watatu, wakati mwingine wanne, wakiomba uuguse tu kidogo waudake. Ukidakwa, umeenda.

Mpira huo huo, ukishapigwa saa mbili tatu, huchakaa. Unalainika, ule mng'ao unapungua, warushaji wanachoka. Na sheria haiwaruhusu kuchukua mwingine mpya hadi ova 80 zipite, na siku nzima ya Test ina ova 90 hivi. Kwa hivyo kazi ya opena ni kuuzeesha mpira. Anakula zile za moto ili anayeingia nambari nne apate za uvuguvugu, apige mia, apigwe picha. Opena anaweza kutoka na 35, gazeti lisimtaje, na bado awe ndiye aliyeiokoa siku.

Anafanyaje? Kwanza kabisa, anaacha. Ndiyo, anainua bati na kuuacha mpira upite. Inaonekana kama uvivu, lakini ndiyo kazi yenyewe. Nyuma yake kuna vijiti vitatu, na anapaswa kujua kile cha nje kiko wapi bila kugeuka, kama unavyojua mlango wenu stima ikipotea. Mpira unaopita nje yake haumhusu. Warushaji wazuri wanajua hilo, ndiyo maana wanautupa pale pale penye shaka, nusu hatua kutoka kijitini, ili mkono ukuwashe. Akilazimika kucheza, anangoja uje chini ya macho yake na anashika bati kwa mikono legevu, ili hata ukiguswa ufe miguuni, usiwafikie wale wadakaji.

Halafu kuna kusahau. Utapigwa mbavuni. Utajaribu mpira uukose kwa unywele, na mrushaji atakuja hadi karibu akuambie mambo ya nyanyako. Mpira unaofuata haujui hayo yote.

Mfano wangu wa siku zote ni Hanif Mohammad wa Pakistan. Januari 1958, kule Bridgetown, Barbados, West Indies walipiga 579. Pakistan wakajibu na 106 tu, wakaambiwa warudi kupiga tena papo hapo. Mechi hiyo ilikuwa ya siku sita, na kila mtu alidhani imeisha. Hanif, mtu mfupi, bila helmeti, alibaki pale kwa dakika 970. Fanya hesabu: ni zaidi ya saa 16. Alitoka na 337, mechi ikaisha sare.

Utaniambia, na Virender Sehwag je? Huyo Mhindi alifungua Test akipiga kama ana deni la kulipa jioni, na mara mbili alivuka 300. Ni kweli. Lakini jicho kama lile halifundishiki, na kwa kila anayemwiga kuna kumi wanaorudi kuketi kabla chai haijapoa.

Hapo ndipo inaniuma kuhusu kwetu. Tabia ya opena tulikuwa nayo. Februari 24, 2003, Gymkhana hiyo hiyo, Kombe la Dunia, Sri Lanka mbele yetu. Otieno alifungua akapata 60, ndiye aliyeongoza, Kenya ikafika 210. Kisha mdogo wake, Collins Obuya, akang'oa watano. Tulifika nusu fainali. Mwaka uliofuata wachezaji na wasimamizi wakawa wanavutana kuhusu malipo, na mwaka 2014 tukapoteza hata hadhi ya mechi za kimataifa za ova 50. Kilichobaki zaidi ni ova 20, ambako kuacha mpira ni kama kutupa pesa. Mtoto wa Kibera mwenye subira ya Hanif ataipeleka wapi? Kocha atamwambia aongeze kasi, na kwa mchezo ule kocha atakuwa sawa.

Kama unataka kujua uko upande gani, tafuta mpira wa tenisi, uzungushie selotepu nusu moja tu. Utapinda hewani, utashangaa. Chora vijiti kwa chaki ukutani, mwambie rafiki arushe mara thelathini. Piga ule tu ambao ungegonga chaki, mingine yote acha. Wenzako watakucheka kufikia wa tano hivi. Hesabu ni wa ngapi mkono wako unakataa kutii.