Sura ya 7: Folda Nzima kwa Mkupuo

Mtu akishakaa na programu ya kuhariri picha kwa muda, kompyuta yake haikosi folda ya aina hii: vitenge vilivyopigwa picha dukani, mikeka ya ukili, saruji yenye nyufa, mbao za milango ya kale, kutu ya mabati. Zote amezikusanya kwa nia ya kuja kuzigeuza ruwaza, yaani vile vipande ambavyo programu huvirudia kulia na chini mpaka eneo lote lijae. Siku ya kazi ikifika anakuta picha mia mbili, na kuzifungua moja moja ni adhabu. Ndipo anapoulizia njia ya mkupuo.

Njia ipo, na ni fupi. Sehemu kubwa ya sura hii itakwenda kwenye kazi inayoitangulia, kwa sababu kompyuta ikipewa picha mia mbili mbovu itarudisha ruwaza mia mbili mbovu, tena upesi na bila kunung'unika.

Mfano wangu mkuu ni GIMP, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Nimeichagua kwa sababu undani wake uko wazi: anayetaka kujua faili la ruwaza limeundwaje anaweza kusoma mwenyewe. Na jambo la kwanza la kujua ni kwamba huenda huna haja ya kugeuza chochote. Tangu toleo la 2.2, lililotoka mwishoni mwa 2004, GIMP husoma picha za kawaida kama ruwaza. Weka PNG au JPEG ndani ya folda ya ruwaza, bonyeza kitufe cha kuonyesha upya orodha, nazo zitatokea. Katika Linux, folda hiyo ya toleo la 2.10 ni ~/.config/GIMP/2.10/patterns, katika Windows iko chini ya %APPDATA%, GIMP, 2.10, patterns. Wengi huhangaika na skripti za kugeuza mafaili kumbe kunakili tu kungetosha.

Kwa nini basi watu bado wanatengeneza mafaili ya PAT, yaani yale ya umbo la ruwaza la GIMP yenyewe? Kwanza, faili la PAT hubeba jina lake ndani, kwa hiyo ruwaza inaweza kuitwa "Kitenge Bluu" hata kama faili lenyewe lina jina la ajabu lililotoka kwenye simu. Pili, ni umbo jepesi mno kuandika. Lina kichwa chenye namba sita, kila moja baiti nne, ile baiti nzito zaidi ikitangulia: urefu wa kichwa, toleo (ambalo ni 1), upana, kimo, idadi ya chaneli za rangi, na alama ya utambulisho inayosomeka GPAT. Baada ya hapo huja jina, likifungwa kwa baiti ya sifuri, kisha pikseli zenyewe, mstari kwa mstari, bila kubanwa. Basi. Anayejua Python kidogo, akisaidiwa na maktaba ya Pillow, huandika kigeuzi chake kwa mistari isiyofika ishirini.

Hebu tuhesabu. "Kitenge Bluu" ina herufi 12 ukihesabu na nafasi; ongeza baiti ya sifuri na zile 24 za namba, kichwa kinakuwa baiti 37. Kigae, yaani kipande kimoja cha ruwaza, cha pikseli 512 kwa 512 chenye chaneli tatu kinachukua baiti 786,432. Faili zima ni baiti 786,469, hakuna zaidi wala pungufu, na skripti yako ikitoa faili la ukubwa mwingine ujue pana kosa. Hesabu hiyohiyo inaonya. Picha ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000 ikigeuzwa jinsi ilivyo huwa baiti milioni 36. Mia mbili za namna hiyo ni gigabaiti 7.2, na GIMP husoma ruwaza zake inapofunguka. Ukiona inachukua muda mrefu kuwaka, tazama umeweka nini humo kabla ya kuilaumu kompyuta.

Kwa hiyo picha lazima zipunguzwe, na hapa mkupuo unaanza kuwa na meno. Amri inayopendwa na wengi, kwa kutumia programu ya ImageMagick, ni hii:

magick mogrify -auto-orient -path vigae -resize "512x512^" -gravity center -extent 512x512 -format png *.jpg

Inanyoosha picha zilizopigwa simu ikiwa imelala, inazipunguza, inakata mraba wa katikati, na kuweka matokeo katika folda ya vigae, ambayo uwe umeshaitengeneza. Sehemu ya -path usiisahau: mogrify isipoambiwa pa kuandika, na aina ya faili isipobadilika, huandika juu ya picha asili, na hakuna kurudi nyuma. Kwa saruji, kutu na mchanga, amri hii inafaa kwa kuanzia. Kwa kitenge ni balaa.

Kitenge kina kipimo chake. Ua, ndege au duara lake hurudi baada ya urefu fulani, na kigae sahihi ni kile kilichokatwa kuanzia nukta moja hadi nukta ileile inaporudi, kwa upana na kwa kimo. Mraba wa katikati haujui habari hizo. Utakata ua nusu upande wa kulia, na upande wa kushoto utaanza na kitu kingine kabisa. Ukijaza eneo, mishono inaonekana kama gridi. Vitenge vingi pia havijirudii kwa kunyooka: safu ya pili hushuka nusu kipimo kuliko ya kwanza. GIMP hupanga vigae kwa kunyooka tu, hivyo kitambaa cha namna hiyo kinahitaji kigae chenye upana wa safu mbili na kimo cha kipimo kimoja. Kazi hii ni ya jicho. Ipe dakika chache kila picha, kabla ya mkupuo wowote.

Hata ukikata vizuri, kitenge cha nta kitakusumbua. Ile mishipa myembamba inayotokea nta inapopasuka haifanani kati ya ua moja na la pili, kwa hiyo kingo hazitakutana sawasawa. Dawa ni ya zamani: sogeza picha nusu upana na nusu kimo kwa zana ya kusogeza, ukichagua kilichotoka upande mmoja kiingie upande wa pili. Kingo zote nne zinakuja katikati, mshono unaonekana kama msalaba, nawe unaufuta kwa zana ya kuponya au ya kunakili. GIMP ina pia kichujio cha kuondoa mishono chenyewe, ambacho huchanganya picha na nakala yake iliyosogezwa. Kwenye mawe na majani hufanya kazi nzuri. Kwenye maua ya kitenge huacha mizimu: petali hafifu zikielea juu ya petali nyingine. Mimi sikitumii kwa nguo.

Kanga iache. Ina pindo, mji na jina. Yenyewe ni kipande kamili. Ukiifanya ruwaza utapata madirisha ya pindo na usemi uleule ukirudiwa mara arobaini, jambo ambalo hata jirani aliyelengwa lingemchosha.

Adui mwingine ni mwanga. Picha iliyopigwa karibu na dirisha ina upande mweupe na upande wenye kivuli. Ukiitazama peke yake huoni. Ikirudiwa, mistari ya giza na nuru inajitokeza ukurasa mzima. Skana hupunguza tatizo hili kwa nguo inayotandazika. Kama huna, tengeneza nakala ya picha, itie ukungu mzito mpaka maua yapotee na ubaki mwanga tu, kisha igawanye picha asili kwa nakala hiyo kwa kutumia hali ya tabaka ya kugawanya.

Yapo mambo mawili madogo ambayo skripti isiyoandikwa kwa makini huyaruka. JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ubanaji huo hauna habari kwamba ukingo wa kulia utakuja kugusana na wa kushoto. Kigae kilichokwisha kusafishwa kihifadhi kama PNG. Lingine ni la kupunguza ukubwa baada ya kusafisha: programu ikikokotoa pikseli za ukingoni haina cha kuchungulia upande wa pili, na mshono mwembamba unaweza kurudi. Panga kigae mara tatu kwa tatu, punguza picha nzima, kisha kata cha katikati.

Hapo ndipo mkupuo unapostahili. Vigae vikiwa tayari, mashine ifanye yale yasiyogusa kingo: kuleta rangi zote kwenye sRGB, maana PAT haibebi maelezo ya rangi, kuondoa uwazi usiohitajika ili chaneli nne ziwe tatu, kuandika jina, kuhifadhi. GIMP yenyewe huweza kufanya hivyo bila kufungua dirisha, kwa lugha yake ya Script-Fu, lakini angalia toleo. Skripti nyingi zilizoandikwa kwa 2.10 zinahitaji marekebisho katika 3.0, iliyotoka Machi 2025.

Watumiaji wa Photoshop wana faili lenye kiendelezi hichohicho cha .pat ambalo kwa ndani ni kitu kingine kabisa: faili moja huweza kubeba ruwaza nyingi, na ukibadilisha jina tu halitageuka kuwa la GIMP. Huko unarekodi hatua za kufafanua ruwaza mara moja, kisha unaziendesha juu ya folda nzima. Maandalizi ni yaleyale.

Kabla ya kuamuru ugeuzaji wa mwisho, jaribu kila kigae kikiwa kimerudiwa:

magick -size 1536x1536 tile:kigae.png jaribio.png

Fungua matokeo, yapunguze kwenye skrini mpaka maua yawe madogo, utazame kwa mbali. Mshono, kivuli, au doa moja linalorudi kila baada ya hatua vitajionyesha papo hapo. Visivyofaa viweke kando. Vinavyofaa vipe majina yanayoanza na aina, mathalani kitenge-bluu-01, kwa kuwa orodha hupangwa kwa herufi na ruwaza mbili zenye jina moja zitaongezewa namba zisizokusaidia kitu. Ukiviweka katika folda ndogo ndani ya folda ya ruwaza, GIMP hulichukua jina la folda hiyo kama lebo, na utaweza kuita vitenge peke yake bila kupitia saruji zote.