Usukani wa Kulia Si Ushahidi wa Uchakachuaji
Katika mashindano ya magari ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970 na ambayo hufanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, magharibi mwa Nairobi, usukani wa kulia kwenye gari kuukuu la Kimarekani usichukuliwe upesi kuwa umehamishwa, kwani Ford ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1904, iliunda magari ya aina hiyo kwa ajili ya makoloni ya Uingereza. Ushahidi mzito zaidi ni namba ya utambulisho, ambayo katika Ford Mustang ya 1965 imegongwa kwenye bati la ndani la madigadi: tarakimu 5 huonyesha mwaka wa modeli, na herufi F inayofuata, kiwanda cha Dearborn. Rangi mpya, hata ing'ae vipi, haithibitishi lolote.