Mhandisi wa Pampu na Afya ya Wakazi wa Vilimani

Mto Mirongo hukatiza katikati ya Jiji la Mwanza, ukizoa maji ya mvua pamoja na taka na kuzifikisha Ziwa Victoria. Ziwa hilohilo ndilo linalowanywesha wakazi wa jiji kupitia vyanzo vya Capri Point na Butimba. Mtambo wa Butimba pekee ulisanifiwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Kati ya mto unaochafua na bomba linalonywesha yupo mtu ambaye mgonjwa hamwoni wodini: mhandisi wa mitambo anayesanifu vifaa vya kusafisha na kusukuma maji.

Kazi yake ya kwanza ni kuyaandaa maji yapokee dawa. Shabu hugandisha chembe za tope, mabonge hutuama, mchanga huchuja yaliyosalia, kisha klorini huua vimelea. Tope lisipoondolewa kwanza, vimelea hujificha ndani yake. Kwa hiyo mhandisi hupima kwa makini mwendo wa panga za kuchanganyia: zikizunguka polepole mno, shabu haisambai, zikizidi kasi, mabonge huvunjika. Shirika la Afya Duniani hushauri klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita iwe imebaki maji yanapomfikia mtumiaji, ili iyalinde njiani.

Njia hiyo ni ngumu Mwanza, kwa kuwa nyumba nyingi zimejengwa juu ya vilima vya mawe. Kila lita 1,000 zinazopandishwa huko ni uzito wa tani moja. Umeme ukikatika na pampu kuzimika ghafla, maji yaliyomo bombani huendelea kupanda kwa muda mfupi, na nyuma yake msukumo hushuka. Hapo bomba lenye ufa huweza kunyonya majimaji yaliyolizunguka, yawe ya mtaro au ya choo. Maji yaliyotoka mtamboni yakiwa salama humfikia mtoto yakiwa na vimelea vya kuhara, pengine hata vya kipindupindu.

Ndiyo maana msanifu hufunga gurudumu zito kwenye mhimili wa pampu ili isimame taratibu, au huweka tangi lenye hewa iliyoshindiliwa, ambalo hulisha bomba mara pampu inapozimika. Vifaa hivyo haviongezi hata lita moja ya maji, na bajeti inapobana huonekana kuwa anasa. Ilhali ndivyo vinavyozuia uchafu kuingia.

Mkazi naye ana sehemu yake. Maji yakirejea baada ya kukatika, yale ya mwanzo yatumike kwa usafi. Ya kunywa yachemshwe na kuhifadhiwe katika chombo chenye mfuniko. Mhudumu wa afya anayepokea wagonjwa kadhaa wa kuhara kutoka mtaa mmoja aongeze swali moja: maji yalikatika lini? Jibu hilo, likiifikia mamlaka ya maji mapema, humwelekeza mhandisi kwenye bomba la kukarabatiwa kabla wodi haijajaa.